Mwendo wa Kinyonga Kwenye Ramani

Amandine Iradukunda alikuwa na desturi ya kufagia ua kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi. Alianzia mlango wa jikoni akaishia kwenye uzio wa miti ya miyenzi. Kisha alimwogesha mdogo wake Étienne, akala kipande cha muhogo uliolala, akashika njia ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakupenda kabisa kusumbuliwa akiwa kazini.

Asubuhi moja alisumbuliwa mpaka akatamani kuutupa ufagio. Kwanza jirani alipita kumuuliza kama miguu yake iko sawa. Kisha mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye mpunga akasimama kumpa ndizi mbivu. "Uile njiani, mwanangu, polepole," alisema na kumkonyeza. Halafu akaja mtoto wa chefu wa kijiji akihema: baba anauliza, Amandine bado hajaondoka?

"Mwambie bado nafagia!" Amandine alijibu kwa ukali. "Kwani leo kuna harusi?"

Hapakuwa na harusi. Kulikuwa na simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya Madamu Claudette, ambaye mwanzoni mwa juma alikuwa amefika shuleni kutoka Uvira, kompyuta yake imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira, kama mtu aliyepakia mayai. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani kwa ajili ya ofisi ya afya. Ofisi hiyo ilikuwa na uwezo wa kujenga posti moja ya afya, yaani zahanati ndogo, katika vijiji vya bonde la Ruzizi vilivyo chini ya Lubarika. Moja tu. Yeye alitumwa kutafuta mahali pa kuiweka.

Aliifungua kompyuta mbele ya darasa, akawaonyesha njia zao zikiwa nyembamba kama nyuzi.

"Zamani tulichora duara kuzunguka kituo cha afya," alieleza, "tukasema kila aliyemo ndani yuko karibu. Lakini ninyi mnaruka kama korongo?"

"Hapana, Madamu!"

"Mnafuata njia. Basi na programu hii ya ramani, tunayoiita SIG, inafuata njia. Inaanzia kituoni, inapita kila barabara na kila njia panda mpaka saa moja ya kutembea iishe. Ni kama maji mnayofungulia mpunga. Yanafuata mifereji, hayapandi tuta. Yanapofika, hapo panapata rangi. Pasipopata rangi, watu wake wako mbali mno na dawa."

Shida, alisema, ni kwamba kompyuta haikujua watu wanatembea kwa kasi gani mchangani, matopeni au mlimani. Kwa hiyo alichagua mwanafunzi mmoja kutoka kila kijiji kati ya vijiji vitatu. Kila mmoja angetembea kutoka kwao hadi kituo cha afya kilichoko kwenye barabara kuu, amevaa shingoni mfuko mdogo wenye simu. Njia nzima simu ingekuwa ikiweka nukta, moja baada ya nyingine, kuonyesha alipopita na saa aliyopita.

"Tembeeni kama siku zote," alimalizia. "Msikimbie, msijikokote. Mmesikia?"

Walisikia. Lakini habari ilipofika vijijini ilikuwa imepungua, limebaki neno moja tu: kijiji kitakachoonekana kuwa mbali zaidi ndicho kitakachopata posti.

Amandine alipofika mwisho wa kijiji cha Rugembe na simu yake shingoni, alimkuta Chefu Nsengiyumva akimngoja na baiskeli.

"Amandine, mwanangu," alisema chefu, "leo weye ndiyo miguu ya Rugembe yote."

"Ndiyo, chefu."

"Basi tembea kama kinyonga."

"Lakini Madamu alisema tutembee kama siku zote."

"Madamu analala Uvira. Akikohoa tu, muganga iko mlangoni. Sisi je? Ao unataka posti iende Kashenyi?"

Kashenyi kilikuwa kijiji cha jirani, juu kidogo kuelekea milimani. Rugembe na Kashenyi waligombania maji ya mpunga, waligombania kombe la mpira, na sasa walikuwa wakigombania posti. Amandine alitaka kujibu. Akakumbuka, hata hivyo, siku ile mama yake alipombeba Étienne mgongoni, mtoto anachemka kwa malaria, macho yamegeuka, na mvua inanyesha. Posti ingekuwa jambo jema. Tena mkubwa habishiwi njiani. Akaanza kutembea.

Ile haikuwa safari, ilikuwa adhabu. Alipopiga hatua tano, chefu alisema, "Pole-pole!" Alipopiga nyingine tano, chefu alisema, "Funga kamba ya kiatu."

"Nimevaa kandambili, chefu."

"Basi zifute tope."

Baiskeli haiwezi kwenda mwendo wa kinyonga, kwa hiyo chefu aliyumba huku na huku mpaka akaanguka kwenye mfereji, ikabidi Amandine amsaidie kuinuka. Bata watatu wa mtu waliwapita, wakageuka kuwatazama, wakaendelea na safari yao. Wanawake waliobeba mihogo walimpita. Mzee mwenye fimbo alimpita akamwuliza kama ni mgonjwa. Amandine aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Walipofika kwenye kijito cha Nyabihondo, hapakuhitajika mtu wa kumwambia apunguze mwendo. Maji yalikuwa mengi, mekundu kwa udongo wa milimani. Walisubiri, wakapanda juu kutafuta gogo, wakavuka wameshikana mikono. Ng'ambo ya pili Amandine akadhani sasa watakwenda.

"Keti," alisema chefu. "Pumzika."

"Sijachoka!"

"Miguu ya Rugembe imechoka. Keti."

Alifika kituoni jua likiwa limeanza kuinama. Madamu Claudette, aliyekuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, alipokea simu, akatazama uso wa Amandine, akatazama tope kwenye suruali ya chefu, akaitia simu mfukoni.

Alilokuwa nalo alilisema kesho yake, shuleni.

"Njooni muone maajabu," aliwaita darasani, na sauti yake haikuwa ya furaha. Kwenye kompyuta kulikuwa na nukta ya kituo cha afya, na kuizunguka rangi kidogo tu, kama jipu. Vijiji vyote vitatu vilikuwa nje kabisa. "Kwa ramani hii, mtu wa Rugembe akitaka dawa ya leo lazima aondoke jana! Na weye, Libérat wa Kashenyi. Hapa ulisimama. Hapa tena. Hapa tena. Ulikuwa unapanda miti?"

Libérat, kijana mrefu mwenye sauti ndogo, aliinuka. "Nilikuwa nasali, Madamu. Katekista alinipa rozari, akasema kila Salamu Maria nisimame."

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa kijiji cha tatu hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa amepewa bibi yake mgonjwa wa goti amsindikize njia nzima.

"Vijiji vitatu, vinyonga vitatu!" Madamu Claudette aliifunga kompyuta kwa nguvu, kisha akaipapasa kana kwamba anaiomba radhi. "Ijumaa ofisi inakaa kuamua. Siwezi kuwapelekea uongo. Nitafuta nyendo zenu zote, niweke mwendo wa kawaida ulioandikwa vitabuni. Kwa mwendo huo ninyi nyote mko ndani ya saa moja. Maana yake hakuna kijiji hapa kinachohitaji posti, na itakwenda kwingine. Kwaherini."

Alitoka. Mara darasa likawa soko.

"Ni ninyi watu wa Rugembe mulianza!" Libérat alimfokea Amandine.

"Sisi? Na rozari ilikuwa ya nani?"

"Chefu wenu alionekana kwenye mfereji na baiskeli!"

Amandine alichoshwa na Libérat, alichoshwa na chefu, alichoshwa na kijiji kizima kilichomjazia ndizi na ushauri. Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba miguu iliyojikokota ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna aliyemfunga kamba. Akainuka, akatoka mbio mpaka uani, ambako Madamu Claudette alikuwa akihangaika na mipira ya pikipiki.

"Madamu, ramani haikukosea. Ni minye nilidanganya. Nilidanganya kwa miguu."

"Najua," alijibu Madamu bila kugeuka. "Hii kazi nimeifanya siku nyingi. Unadhani sioni?"

"Naomba simu tena."

"Simu si mpira wa kuchezea! Jana niliketi pale mpaka mgongo ukaota mizizi. Umeme hakuna, nachajia betri kwa watu. Pikipiki inazima ikiona tope. Na leo unataka nianze upya?"

"Kesho tu. Nitatembea kweli."

"Na chefu wako akikuambia tena ukae chini?"

Amandine alifikiri. "Nitamsalimia kwa heshima. Lakini miguu ni yangu."

Nyuma yake Libérat alikuwa amefika, na msichana wa kijiji cha tatu, wote wameinamisha vichwa. Madamu Claudette aliwatazama mmoja mmoja, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kukasirika, akaanza kufungua tena mipira aliyokuwa ameifunga.

"Kesho asubuhi," alisema. "Na mtu asiniletee rozari."

Nyumbani Amandine alimkuta mama yake, Pélagie, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alimweleza yote kuanzia kinyonga mpaka jipu kwenye ramani. Mama aliendelea kutwanga.

"Kwa nini hukuniambia kwamba chefu alikufundisha uongo?" aliuliza.

"Mama, ulikuwa unajua. Wote walikuwa wanajua."

Mchi ukasimama. Amandine alidhani amevuka mpaka wa adabu.

"Ni kweli," mama alisema taratibu. "Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa naitaka ile posti kuliko mtu yeyote hapa. Kesho twende pamoja. Étienne anakohoa, lazima aonekane na muganga. Nitambeba mgongoni, na weye utashika simu. Tutaenda vile tunaendaka kila siku."

Asubuhi chefu alikuwa palepale, na baiskeli ileile.

"Pélagie, mwanao anataka kutuharibia."

"Bwana chefu, mwamukaje," mama alimwamkia. "Mtoto wangu anakohoa. Nikitembea kama kinyonga nitafika amekwisha pona ao amekwisha kufa. Utupishe."

Chefu alimwona Étienne anakohoa kweli, akavuta baiskeli pembeni.

Walitembea. Loo, jinsi ilivyokuwa raha kutembea! Njia ya mchanga kando ya mashamba ya mpunga waliimaliza wakiongea. Waliwakuta wanawake wenye mihogo, wakawaaga, wakawaacha nyuma. Amandine alianza kufikiri kwamba Madamu Claudette na vitabu vyake walikuwa sahihi, Rugembe si mbali hata kidogo, na kijiji chake hakitapata kitu.

Kisha wakafika Nyabihondo.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani upande wa Mulenge, na kijito kilikuwa kimefura. Lile gogo halikuwapo tena. Mama alijaribu kuingia, maji yakafika kiunoni, akarudi haraka akimshika Étienne kwa mikono miwili. Walipanda kandokando mpaka kwenye mawe makubwa, hapakupitika. Walirudi chini, hapakupitika. Watu wengine walikuwa wamejikunyata ukingoni: mwanamke mwenye mimba kubwa, na mvulana aliyefungwa kitambaa mkononi. Hakuna aliyeshangaa. Kila mvua ilikuwa hivyo.

"Hapa ndipo nilisimama na Étienne siku ile," mama alisema. "Niliona barabara kuu kwa macho. Niliona hata bati za kituo. Sikuweza kufika."

Walingoja mpaka wanaume wawili waliotoka mpungani wakaja na kamba, wakawavusha mmoja mmoja. Ng'ambo, mama alikaza kanga na kuendelea kwa mwendo uleule wa mwanzo. Punde wakawa kituoni. Étienne alipewa dawa ya kifua, akalia kwa sauti nzima, akaacha.

Mchana huo Madamu Claudette aliingiza mwendo wa Amandine kwenye kompyuta. Nukta zilitokea moja moja, zimeachana vizuri, zimenyooka kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Lakini katikati ya njia zilikuwa zimerundikana, nyingi, nyeusi, kama siafu juu ya mfupa.

"Hapa mlifanya nini?" aliuliza.

"Tulingoja maji yapungue, Madamu."

"Na juzi? Juzi mlipita vipi hapa?"

"Juzi pia tulingoja. Kidogo kuliko leo."

Madamu Claudette alifungua mwendo wa kinyonga akauweka kando ya huu. Nukta zilirundikana kila mahali, kuanzia kijijini hadi kituoni. Mrundiko wa kijitoni ulikuwamo, lakini nani angeutambua kati ya mirundiko yote ile?

"Unaona?" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na hasira. "Mlijikokota kila mahali, basi mahali mnapokwama kweli pakajificha. Kwenye picha zangu za angani hiki kijito ni uzi tu. Niliwachorea njia inapita juu yake kana kwamba hakuna kitu."

Aliikata njia pale kijitoni, akabonyeza. Rangi ilitoka kituoni, ikafuata barabara, ikafika Nyabihondo, ikasimama. Rugembe ikabaki nyeupe. Kisha akaunganisha tena ile njia kwa kistari kifupi na kubonyeza. Rangi ikavuka, ikaingia kwenye mchanga wa mpunga, ikakijaza kijiji chote, ikakipita.

"Rugembe haihitaji posti," alisema. "Inahitaji daraja."

"Na Kashenyi?"

Madamu alimwonyesha mwendo wa Libérat. Safari hii hapakuwa na rozari. Nukta zilisogea sawasawa, lakini njia ilikuwa mlima na mabonde, na saa moja iliisha kabla hajafika hata nusu. Hakuna daraja ambalo lingesaidia. Kijiji cha tatu, kwa mwendo wa kweli, kilikuwa ndani ya saa moja.

"Kwa hiyo posti inakwenda kwao," Amandine alisema.

"Nitapendekeza hivyo Ijumaa, pamoja na daraja lenu."

Amandine alipiga mguu chini. "Nimetembea kweli, na tumekosa!"

"Mngetembea kwa uongo mngekosa wote," Madamu alimjibu. "Na yule mwenye mimba angeendelea kungoja ukingoni. Nenda nyumbani ukawaambie. Usinitume mimi, nimechoka kugombezwa."

Aligombezwa yeye. Chefu Nsengiyumva aliisikia habari mbele ya watu, akavua kofia, akaivaa tena. "Tulimtuma mtoto alete hospitali, analeta mbao!" Wengine waliguna. Yule mama wa ndizi alisema angejua angeila mwenyewe. Mama Pélagie ndiye aliyewanyamazisha: aliwauliza, katika wote waliosimama pale, nani hajawahi kungoja Nyabihondo akiwa na mgonjwa. Hakuna aliyeinua mkono.

Ofisi ilikubali. Ilichukua muda, na kila hatua ilikuwa na kero zake. Mbao zililetwa fupi zikarudishwa. Misumari ilikuja bila nyundo. Watu wa Kashenyi walitakiwa kusaidia Rugembe kujenga daraja, na watu wa Rugembe kubeba mawe ya posti ya Kashenyi, na kwa siku kadhaa pande zote mbili zilihesabu nani amebeba machache. Chefu alilalamika kuliko wote, lakini aliingia majini wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Daraja lilipokamilika, wanafunzi waliitwa kushuhudia, na Madamu Claudette akaja na pikipiki yake, safari hii bila kuzima. Watu walimtaka chefu atoe hotuba. Alisimama juu ya mbao mpya, maji mekundu yakipita chini ya miguu yake, akamwita Amandine asimame kando yake.

"Minye sijui hotuba," alianza. "Nitasema kitu kimoja. Mgonjwa akienda kwa muganga, akaulizwa wapi panauma, akijibu kichwa, tumbo, mgongo, miguu, nywele, kila mahali, muganga atashika wapi? Ndivyo tulifanya sisi. Tulilia njia nzima, na mahali tunaumia kweli hapakusikika. Tena tulimlazimisha mtoto alie pamoja na sisi. Hiyo ilikuwa aibu yangu, si yake." Alikohoa kidogo. "Ninyi watoto, mkubwa muheshimuni. Lakini mkubwa akiwatuma uongo, mwambieni kwa adabu: hapana. Ukweli unaweza kukunyima ulichotaka. Lakini ndiyo unaonyesha kile unakosa."

Watu walipiga makofi. Chefu akataka kuendelea, maana sasa hotuba ilikuwa imemkolea, lakini mwanamke mmoja aliyekuwa na kichanga mgongoni alikuwa amesubiri vya kutosha.

"Chefu, sogeeni basi," alisema. "Mtoto ana chanjo."

Wakasogea pembeni. Akapita, hatua za haraka, wala hakutazama maji.